Matundu Manne ya Pini: Uchambuzi wa Wosia Mmoja wa Mufindi

Faili aliloniletea mwenzangu lilikuwa na karatasi tano tu. Nakala ya wosia, kurasa mbili. Nakala ya kitambulisho cha taifa cha mzee. Stakabadhi ya shilingi 150,000 yenye jina la binti wa mzee. Na juu ya zote, notisi ya madai iliyokuwa imefika ofisini kwake Mafinga siku nne nyuma. Hapakuwa na karatasi hata moja inayosema siku ile mzee alitamka nini, aliulizwa nini, na nani alikuwapo chumbani.

"Kaka, isome kwanza," aliniambia. "Halafu uniambie kama nina la kujibu."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki, akakubali. Majina sitayataja, na yale yanayoweza kuitambulisha familia nimeyabadilisha. Upande wa sheria sikugusa kitu. Naandika kwa ajili ya mawakili wenzangu wa Iringa, Njombe, Songwe na Mbeya, hasa wale ambao wosia kwao ni kazi ya kuchomeka kati ya kesi ya saa tatu na kesi ya saa sita. Mwenzangu huyu si mzembe. Kesi zake za ardhi anaziandaa vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana kisa chake kimenikaa moyoni.

Ilivyokuwa

Mzee alikuwa na miaka 76. Mhehe, Mkristo, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika msitu wa Sao Hill, kisha akapanda paini zake mwenyewe kijijini, ekari 12. Mjini Mafinga alikuwa na nyumba yenye vyumba vitatu vya kupangisha uani. Alikuwa pia na ekari tatu za mahindi, ng'ombe wanne, na akiba kidogo benki. Mke wake wa ndoa alifariki akimwachia watoto watano, na mirathi ya mama huyo haikuwahi kufunguliwa. Baada ya msiba aliishi miaka 11 na mama mwingine, bila ndoa ya kanisani wala ya bomani. Watoto walimwita mama mdogo. Ndiye aliyepika, ndiye aliyelima, na vyumba viwili kati ya vile vya uani vilijengwa kwa fedha ya mahindi aliyoyauza yeye.

Mwezi wa Februari kitinda mimba, binti aliyeacha biashara yake Makambako akarudi kumuuguza baba, alimleta mzee kwa wakili. Mume wa binti ndiye aliyeendesha pikapu. Waliingia wote watatu. Mwenzangu aliwaamkia, mzee akaitikia marahaba, wakapeana "kamwene" kama ilivyo desturi, na kazi ikaanza papo hapo, binti na mkwe wakiwa wameketi kulia na kushoto kwa mzee.

Mzee alieleza vizuri. Nyumba ya mjini apewe kitinda mimba kwa sababu ndiye aliyemtunza. Paini zigawanywe kwa watoto wa kiume wawili wa kati. Mahindi na ng'ombe apewe binti mkubwa. Mtoto wa kwanza, anayelima mpunga Mbarali, hakumpa kitu: alishamnunulia mashamba kule na kumpa mtaji, na mbele ya wazee waliafikiana kwamba huo ndio mgao wake. Kisha akasema neno ambalo mwenzangu analikumbuka mpaka leo: "Na mama yenu mdogo asije akatolewa kwenye chumba chake."

Binti akamgusa mkono. "Baba, hilo tutaelewana wenyewe nyumbani."

Mzee akanyamaza. Wakili naye akainua kalamu, akasubiri kidogo, akaendelea na kipengele kingine.

Wosia ulichapwa kwa kutumia kiolezo kilichokuwa kwenye kompyuta tangu enzi za ofisi aliyofanyia mafunzo. Kiolezo kilitaka mashahidi wawili. Karani mmoja alikuwapo, wa pili alikuwa amekwenda kula. Mkwe akaambiwa, "Shemeji, tusaidie hapa." Akasaini. Mzee alisaini chini ya ukurasa wa pili tu. Hakuusoma mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Mwenzangu ana hakika kwamba alimsomea, na mimi namwamini. Ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisomewa.

Walipokuwa wanatoka, karani aliona kosa: ukurasa wa kwanza ulisema paini ni ekari 21. Akaurekebisha, akauchapa upya, akang'oa pini, akatoa ukurasa wenye kosa, akabana mpya juu ya ule wa pili uliokwisha kusainiwa. Dakika tatu. Wosia halisi akakabidhiwa binti, akautia kwenye mkoba.

Mwezi wa Juni mzee alipiga simu. Alikuwa peke yake na mama mdogo. "Mwanangu wakili, lile jambo la mama yao nataka liandikwe. Halafu nimeuza paini za ekari tano, na hilo uliweke sawa." Jibu lilikuwa la heshima kabisa: "Sawa baba, ukipata nafasi ya kushuka Mafinga njoo tulimalize." Julai akapiga tena. Wakili alikuwa njiani kwenda Mbeya. "Baba, tukitoka Nane Nane nitakutafuta." Mzee alifariki wiki ya mwisho ya Agosti.

Kikao cha ukoo

Baada ya matanga binti alitoa wosia. Mjomba mmoja akausoma kwa sauti. Mtoto wa kwanza, aliyefika kutoka Mbarali na ambaye jina lake halikuonekana popote katika kurasa zile mbili, aliomba aushike. Hakubishana. Alisogea dirishani kwenye mwanga, akazifungua kurasa, akazirudisha, akazifungua tena. Kisha akasema: "Karatasi ya kwanza ina matundu mawili ya pini. Ya pili ina manne."

Hapo kikao kilivunjika. Hata wale wadogo zake waliokuwa wamepewa paini hawakuwa na la kusema, maana ukurasa uliotaja mgao wote ndio ule wenye matundu mawili, na haukuwa na saini ya baba yao.

Binti alifungua shauri la mirathi kama msimamizi aliyetajwa katika wosia. Kaka yake akaweka pingamizi kwa hoja tatu: kwamba ukurasa wa kwanza umebadilishwa, kwamba mashahidi hawakutimia, na kwamba amenyimwa urithi bila sababu iliyoandikwa. Wakili wa binti aliitazama ile saini ya mkwe, akamwambia mteja wake ukweli. Wakakubaliana nje ya mahakama. Wosia ukawekwa kando, wakateuliwa wasimamizi wawili, nyumba ikawa ya watoto wote watano na kaka mkubwa ndiye mkusanya kodi. Miezi mitatu baadaye ndipo ikaja ile notisi kwa mwenzangu. Binti alidai shilingi milioni 35, thamani ya nyumba aliyoikosa, na akaeleza kwamba asipolipwa atakwenda pia kwenye Kamati ya Mawakili, chombo cha nidhamu ya mawakili.

Sheria inasemaje

Nianze na saini ya mkwe, kwa kuwa ndiyo kosa jepesi zaidi kuliona na gumu zaidi kulitetea. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo kwetu bado inatumika kwa mirathi isiyo ya kimila wala ya Kiislamu, inataka mashahidi wasiopungua wawili. Inasema pia kwamba zawadi aliyopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, inabatilika. Wosia wenyewe unabaki hai, zawadi inakufa. Kwa hiyo hata kama mahakama ingesema mzee huyu aliishi maisha ya Kikristo na sheria ya 1865 ndiyo yake, binti angeikosa nyumba kwa sababu moja tu: mume wake aliombwa asaidie kwa kuwa karani alikuwa anakula.

Kisa cha namna hii kilishafika mahakamani Uingereza. Katika Ross v Caunters, iliyoamuliwa mwaka 1979, mawakili walishindwa kumwonya mteja wao kwamba mume wa mnufaika asishuhudie. Mume akashuhudia, mke akakosa, na Jaji Megarry akaamua kwamba mawakili wanawajibika kwa mnufaika huyo ingawa hakuwa mteja wao. Mwaka 1995 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likakwenda mbele zaidi katika White v Jones: baba aliyepatana na binti zake aliagiza wosia mpya, ofisi ikachelewa, akafariki kabla haujasainiwa, na mabinti wakashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Maamuzi haya hayazifungi mahakama zetu. Yana nguvu ya kushawishi, na wakili yeyote wa upande wa madai atayaweka mezani. Aliyemwandikia mwenzangu notisi aliyataja yote mawili.

Sasa upande wa mila, ambao ndio unaosahaulika sana katika ofisi zetu. Kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zina sura yake ya wosia. Mwenye kuusia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wetu ulikuwa na karani, ambaye ni mtu baki, na mkwe. Wa ukoo hakuwapo hata mmoja. Na mzee aliyewahi kusoma lakini sasa haoni, utamweka kundi gani? Wakili wa kaka mkubwa alisema kundi la wanne. Kama ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Kanuni hizo zinaruhusu pia kumnyima mrithi, lakini kwa sababu nzito zilizotajwa, kama vile kumshambulia mwenye kuusia au kumtelekeza katika njaa au ugonjwa, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujieleza. Mzee hakuwa na ugomvi na mwanawe. Alikuwa ameshampa. Sentensi moja tu ingetosha: kwamba mwanangu wa kwanza nilimpa mashamba ya Mbarali na mtaji, mbele ya wazee hawa na hawa, na huo ndio mgao wake. Mzee aliisema sentensi hiyo kwa mdomo wake. Wakili aliisikia. Wosia ukanyamaza.

Ni sheria ipi ilimhusu? Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Msalaba shingoni peke yake hauamui. Mtu anaweza kubatizwa, akaoa kanisani, na bado akagawa mashamba kwa mila na kumaliza magomvi yake kwenye baraza la ukoo. Jibu la swali hili linaamua hata mahakama ya kwenda, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu sheria inayohusika ni ya kimila au ya Kiislamu. Na mteja akiwa Mwislamu mambo yanabadilika kabisa: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haandikiwi wosia bila ridhaa ya warithi wenzake. Kiolezo kimoja cha kompyuta hakiwezi kubeba watu wote hawa.

Hapa naomba nikae kidogo. Wosia ukianguka katika nyanda hizi, mali hairudi kwenye uwanja wa haki sawa. Inarudi mwaka 1963. Chini ya kanuni zile zile za Na. 436, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa yuko daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu, na mgao unashuka kwa kufuata daraja. Mjane hana fungu lake, anategemea kutunzwa na watoto wake. Mahakama Kuu iliambiwa mwaka 2006 kwamba kanuni hizi zinawabagua wajane. Ikakiri ubaguzi upo, ila haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili katika shauri hilo hilo. Wosia ulioandikwa sawasawa ndiyo njia ya hakika aliyonayo baba wa Mufindi au wa Rungwe ya kumpa binti yake nyumba. Mzee alilijua hilo, ndiyo sababu alipanda pikapu akaja. Tunaposema "kosa dogo la shahidi", tukumbuke ni nani analilipa.

Nilichomjibu

Kabla sijasema lolote aliniuliza swali ambalo nadhani kila mmoja wetu angejaribiwa kuliuliza: "Nikiandika kumbukumbu za kile kikao sasa hivi, nikaziweka kwenye faili?"

Nikamwambia aandike, tena usiku ule ule kabla kumbukumbu hazijafifia, ila aweke tarehe ya leo na saini ya leo. Karatasi ya leo yenye tarehe ya Februari ingemtoa kwenye uzembe na kumpeleka kwenye kughushi. Uzembe unalipwa fedha. Kughushi kunakutoa kwenye orodha ya mawakili, na huenda kukakupeleka jela. Aliandika kurasa nne. Neno la mzee kuhusu chumba cha mama mdogo liko humo, na neno la binti pia.

Neno hilo la binti ndilo lililobadilisha madai. Alipodai milioni 35 alijieleza kama mnufaika asiye na hatia, lakini yeye na mume wake walikuwamo chumbani, ada alilipa yeye, na ni yeye aliyemnyamazisha baba. Kesi ikifika kwenye ushahidi, hoja ya ushawishi usiofaa ingejileta yenyewe. Tena angelazimika kuthibitisha kwamba hasara imetoka kwa wakili, wakati makubaliano ya kuweka wosia kando aliyasaini mwenyewe. Upande wa mwenzangu nao ulikuwa mbaya vya kutosha, na bima ya taaluma hakuwa nayo. Ukomo wa muda haukuwa na msaada: madai ya uzembe yana miaka mitatu, ya mkataba sita, na hata mwaka haujaisha. Wakazungumza, wakaafikiana milioni 9 kwa awamu, na barua ya kukiri kosa bila kuzungukazunguka. Barua hiyo niliisisitiza mimi. Binti alikuwa ameuliza mara tatu kwa nini hakuna aliyemwambia samahani.

Ile siku ya Februari ingekwendaje

Wakili angemwambia binti na mkwe wake, kwa upole wote wa kwetu, "Dada, shemeji, naomba mtupishe, nizungumze na baba peke yetu." Kuna benchi nje. Wazee wengi hawakatai, na baadhi yao hupumua. Mlango ukishafungwa, mzee anasema habari ya chumba cha mama mdogo na hakuna wa kumgusa mkono. Ada inaweza kulipwa na yeyote, hilo halina shida, mradi faili liseme wazi mteja ni mzee na anayepokelewa maagizo ni mzee.

Kisha maswali, na majibu yaandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe. Una watoto wangapi, wako wapi, kila mmoja ulishampa nini? Mali hii uliipata na nani? Swali hili la mwisho lingefichua kwamba sehemu ya paini zilipandwa na marehemu mke wake, na kwamba mirathi ya mama huyo ilipaswa kufunguliwa kwanza. Lingefichua pia vile vyumba viwili vya mama mdogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadhania ndoa pale mume na mke wamekaa pamoja miaka miwili na kutambulika hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka 11 si ya kuachwa nje ya wosia kwa kuinua kalamu.

Maswali hayo hayo ndiyo kipimo cha akili timamu. Tangu Banks v Goodfellow ya mwaka 1870 kinachoangaliwa ni kama mtu anaelewa anafanya nini, mali yake ni ipi, na nani wana haki ya kufikiriwa naye. Ukiandika majibu ya mzee wa miaka 76 anayetaja watoto wake watano, mashamba yao na mipaka ya paini zake, umemaliza nusu ya pingamizi lijalo. Akiwa mgonjwa sana, daktari amwone siku hiyo hiyo na aandike alichokiona.

Juu ya mashahidi mimi nina msimamo wangu, na najua wapo wenzangu wasiokubaliana nao. Kwa mteja yeyote wa kwetu asiye Mwislamu, naandaa wosia unaotosheleza sheria zote mbili: mashahidi wanne wanaojua kusoma na kuandika, wawili wa ukoo na wawili watu baki, wote chumbani kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja anayepewa kitu wala aliyeoana na anayepewa. Wa ukoo wasiorithi wanapatikana, ni baba mdogo, ni shangazi, ni binamu. Inachukua siku mbili kuwapata, na nauli yao mteja ataambiwa mapema. Ugumu uko kwa mke. Utaratibu wa kimila unataka mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, na sheria ya 1865 inaua zawadi ya anayeshuhudia. Ukimweka unaweza kumnyang'anya, ukimwacha unaweza kuuangusha wosia wote. Ninachofanya ni kutompa mke kilicho chake tayari kama zawadi. Wosia unatamka kwamba vyumba viwili ni mali yake kwa jasho lake, au hati inasahihishwa mzee akiwa hai ili majina yote mawili yawemo. Hapo anaweza kushuhudia bila kupoteza, kwa kuwa hakuna anachopewa na wosia. Si suluhisho la kila nyumba, lakini limenisaidia mara nyingi.

Asiyeona asomewe wosia wote kwa sauti mbele ya mashahidi, kwa lugha anayoiota usiku, na maneno ya kuthibitisha kwamba amesomewa, na nani, na kwa lugha gani, yachapwe juu ya saini. Saini au dole gumba liwe kwenye kila ukurasa, la mzee na la mashahidi. Kosa likionekana baadaye, hata la herufi moja, wosia wote unachapwa upya na wote wanasaini upya. Wakishaondoka, waitwe warudi. Karani wa mwenzangu alifanya alichofanya kwa nia njema, na hakuwahi kuelezwa na mtu yeyote kwamba pini ya wosia haing'olewi. Na kama kuchapa upya kungeshindikana, ekari 21 kuwa ekari 12 ingesahihishwa kwa kalamu, kwa saini ya mzee na ya mashahidi pembeni, na ingekuwa halali kabisa.

Kifungu cha mali iliyobaki hakikuwamo. Zile paini za ekari tano mzee aliziuza kwa shilingi milioni 21, na hakuna neno katika wosia lililoigusa fedha hiyo. Huku kwetu miti ni mali inayotembea: leo imesimama, mwezi ujao iko kiwandani. Andika ardhi kivyake, miti iliyosimama kivyake, na fedha ya miti iliyokwisha kuuzwa kivyake.

Na wosia halisi usipewe mnufaika atembee nao kwenye mkoba. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, wanahifadhi. Asiyetaka huko, uhifadhiwe ofisini kwa bahasha iliyofungwa na kuandikiwa stakabadhi.

Sasa ile simu ya Juni. Mwenzangu alinionyesha orodha ya simu zake: dakika mbili na sekunde kumi, kisha Julai dakika moja. Mzee hakuwa na nafasi ya kushuka Mafinga, kwa kuwa aliyekuwa anampeleka ni yule yule aliyetaka jambo lisiandikwe. Hilo lilikuwa la kufikiriwa na wakili, si la kuulizwa mzee. Bodaboda ya kwenda kijijini ni saa moja. Mtu wa miaka 76 akikupigia simu ya wosia, unakwenda wiki hiyo, na kama huwezi, unamwambia siku hiyo hiyo kwamba huwezi na unampa jina la mwenzako. Nyongeza ya wosia ni ukurasa mmoja. Ilihitaji mashahidi wale wale wanne na kalamu ya wino.

Tulipokuwa tunafunga faili nilimuuliza kuhusu mama mdogo. Alikuwa ameondoka ile nyumba wiki mbili baada ya kikao cha ukoo, amekwenda kwa kaka yake Kilolo na cherehani yake. Hakuandika notisi kwa mtu yeyote. Huenda hajui kwamba ana hoja dhidi ya mirathi kwa vile vyumba viwili, na ana hoja dhidi ya wakili kwa zile simu mbili alizozisikia zikipigwa akiwa ameketi pembeni ya mzee.

"Nimwambie?" mwenzangu aliuliza. "Nikimwambia, ananishtaki."

Nikamjibu kwamba hawezi kumshauri yeye, maana maslahi yao yanapingana, lakini anaweza na anapaswa kumwambia atafute ushauri kwa mtu mwingine mapema, kabla muda haujapita. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 asiye na uwezo anasaidiwa bila malipo. Nikamwandikia kwenye karatasi mahali pa kumwelekeza pale Iringa mjini.

Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Jumamosi iliyofuata alipanda gari la Iringa, akashuka Ipogolo, akaunganisha la Kilolo.